Dawa ya ng'ombe ndani ya matumbawe

Jumamosi, Majengo. Manyunyu tangu asubuhi, na sebule yangu inanuka kama soko la Kituku samaki wakikosa mnunuzi.

Matumbawe yangu yote yamekufa.

Akwarium yao, tangi la kioo la maji ya chumvi, niliinunua kwa mwenzangu wa kazini alipohama mji. Papa, baba yangu, alipokimbia vita Masisi akafika kwangu bila hata ndama mmoja, ndiyo pekee iliyomtuliza. Kila asubuhi alivuta kiti mbele ya kioo, akahesabu samaki wetu sita jinsi alivyohesabu ng'ombe wakitoka zizini.

Kisha minyoo bapa ikaingia, midogo, rangi ya kutu, ikayafunika matumbawe mpaka yakafifia. Niliifyonza kwa bomba la mpira kila jioni, nayo ikazidi kuzaana. Jana Papa akafungua mfuko aliokuja nao, akatoa chupa ya dawa ya minyoo ya ng'ombe, masalio ya kundi lake.

Nilikuwa nimesoma habari za dawa hiyo. Inaua minyoo bapa kweli, lakini minyoo ikifa inatoa sumu. Lazima kwanza uipunguze minyoo yenyewe, na uwe na maji mapya ya chumvi tayari. Yangu hayakujaa hata ndoo.

Nikanyamaza. Kwetu mtoto hamfundishi baba yake kutibu mifugo, na tangu afike sijaona mikono yake ikipata kazi. Akapima kwa kifuniko, taratibu, akamimina.

Minyoo ikajikunja, ikaanguka. Papa akacheka, mara ya kwanza tangu aingie nyumbani kwangu. Haikupita saa moja, samaki wakaanza kutweta juu ya maji.

Leo asubuhi matumbawe yamekuwa ute mtupu. Papa alikuja na kiti chake kama kawaida.

"Kumebakia ngapi?"

Nikamwambia hakuna.

"Ni mukono yangu iliua," akasema. "Hata hizi samaki za mu mayi zimenishinda kuchunga."

Nikasingizia umeme, kwamba ulikatika usiku na pampu ya hewa ikasimama. Haujakatika tangu juzi, naye anajua. Amekirudisha kiti chumbani na amekataa kula.

Ninaona aibu. Woga wangu niliupa jina la heshima.

Kesho, kabla hajagusa chai, nitamwambia kwamba nilijua. Lakini nikishasema, ataniitaje mtoto, mimi niliyesimama kando yake nikimwangalia akipoteza kundi la pili?