Waambie Mzee Amelala

Mama Salha, nakuandikia uso umeniiva kwa aibu, nisaidie, na ukinisema nitavumilia.

Naishi Dubai, kwenye kile kisiwa cha mchanga uliomwagwa baharini, nyumba ya vioo, bustani inamwagiliwa usiku na mchana, barabara safi ambayo hakuna anayeikanyaga kwa mguu, na mama alipofariki nikamtoa baba yangu, Mzee Obeid, kule Satwa, mtaa wa zamani mjini, nikamleta huku nikidhani namstarehesha. Rafiki zake wawili, Ami Matar na Ami Khalfan, wakawa wanamfuata kila alasiri na pikapu yao inayonuka mbuzi, na kwa kuwa nyumba za huku hazina baraza, wakawa wanatandika mkeka nje kwenye kivuli cha ukuta, wanakunywa kahawa na kucheka kwa sauti, mpaka jirani mmoja akawapiga picha akaitupia kwenye kundi letu la simu, akaandika, "Jamani, soko la mbuzi limehamia huku?" Wakacheka wote, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka nao. Kesho yake nikamwambia mlinzi wa geti, "Wale wazee wakija, waambie mzee amelala."

Wakarudishwa, wakaja tena, wakarudishwa, mwisho wakaacha, na baba, ambaye simu haiwezi kwa sababu ya masikio, akawa anakaa dirishani, "Binti yangu, hata leo hawajaja?" nami namjibu, "Foleni, baba."

Wiki iliyopita Ami Khalfan alifariki. Ami Matar alikuja mwenyewe getini kumwita baba, akaambiwa mzee amelala, wakazika bila yeye. Tulipopata habari tukaenda matangani, na nilipokuwa namshusha baba garini, Ami Matar akamnyima mkono, akasema mbele za watu, "Lala, Obeid, lala tu. Umeshakuwa mtu wa kisiwani." Njia nzima baba alilia akiniuliza amekosa nini, na mimi nikaongeza sauti ya redio. Sasa hata chakula hali vizuri. Nikisema ukweli atanichukia, nikinyamaza atakufa na donge. Nifanyeje?

Mwenye Aibu, Dubai

Mama Salha anajibu:

Pole, mwanangu, lakini sitakubembeleza. Ulimwonea haya baba yako mbele ya watu ambao hata salamu hamsalimiani, ukamwacha ajitafutie kosa ambalo ni lako. Na ile redio! Hiyo imeniuma kuliko geti.

Mwambie leo: "Baba, ni mimi niliyewafukuza." Usimtaje mlinzi, usimtaje jirani, usimletee habari za sheria za kisiwa. Akifoka, nyamaza. Akikususia, mpikie, ukae karibu naye.

Kisha nendeni kwa Matar. Baba abaki garini, uingie wewe, useme yote wanawe wakisikia, maana baba yako alisutwa hadharani. Matar akikufukuza, rudi kesho, na keshokutwa. Khalfan hutamwomba tena radhi, na hilo sina dawa yake.

Mwisho, muulize baba anataka kuishi wapi. Ulipomhamisha hukumuuliza. Akisema Satwa, mtafutie nyumba Satwa, na hiyo foleni uwe unaikaa wewe.