Mwana Hiti Yuko Hamburg

Hamburg, 12 Novemba 1910

Dada Hidaya, shikamoo.

Kaa kwanza kwenye kigoda ndipo Mwalimu Salehe aendelee kukusomea, maana habari hii haisikilizwi kwa kusimama. Huyu mdogo wako uliyemsindikiza Morogoro akapanda gari la moshi na furushi moja, sasa ndiye mkuu wa wachongaji wote wa dola ya Wadachi. Kaiza mwenyewe hagusi chakula cha mchana mpaka aulize, "Mwinjuma leo kachonga nini?" Kuja bado hajaja, ana shughuli nyingi, lakini kuuliza anauliza.

Hujambo wewe? Magoti yanasemaje na mteremko wa Kinole? Binti yetu Mosi huko ndani anakula vizuri? Mimi mzima, ila mafua.

Yule Bwana Hartwig mwenye ndevu nyekundu, aliyekuja kwetu kununua vinyago, ametimiza ahadi yake. Amenipa chumba, koti na mahali pa kazi katika nyumba ya vitu. Nyumba ya vitu ni kubwa kama maboma matano, na haikai mtu. Wameweka ngoma, mikuki, vyungu, hata ndege waliokufa zamani wakasimamishwa kama wazima, na watu wanakuja kutazama. Mimi nakaa katikati juu ya zulia na tezo yangu, nachonga, wananitazama. Asubuhi wanajaa mpaka askari anawasukuma. Bibi mmoja alizimia kwa uzuri wa kinyago changu.

Baridi ya huku, ile ya kilele cha Lupanga ukiiweka kando yake ni jikoni. Jana nilitema mate yakafika chini yakalia kama kokoto.

Nitarudi kabla ya mavuno, nije kumtoa mwali wetu kama impasavyo mjomba. Msalimie kila anayeniulizia, na asiyeniulizia mwambie anapitwa.

Mdogo wako,
Mwinjuma


Kinole, 3 Februari 1911

Mdogo wangu Mwinjuma, marahaba.

Barua yako imefika. Mimi nasema, Mwalimu Salehe anaandika. Aliisoma uani, watu wote wakasikia. Bi Mwanaasha, kungwi wa Mosi, amesema kama ni hivyo basi Kaiza atakonda.

Sisi wazima. Magoti ni yale yale. Migomba imeangushwa na upepo, lakini mihogo ipo.

Sasa nakuuliza jambo. Juzi nimepanda darini kuteremsha kapu la mama. Nimefungua, mwana hiti hayumo. Kitambaa chake kimekunjwa vizuri, kimetunishwa, kama kwamba bado kimefunika mtu. Panya hakunji kitambaa, Mwinjuma.

Unajua yule mtoto wa mti ni nani kwetu. Mimi nilipokuwa mwali nilimlea. Nilimpaka mafuta ya nyonyo, nikamsuka nywele, nikalala naye, ndipo nikatolewa nje. Wadogo zangu vile vile. Kila binti wa tumbo letu ametoka naye mkononi. Mosi anaishi gizani tangu mwaka jana, amekuwa mweupe kama chipukizi chini ya jiwe, na kila siku ananiuliza, "Mama, mwenzangu analetwa lini?" Nitamjibu nini?

Na watu wa mchumba wake, Abasi, kule Mikese, wamechoka kungoja. Mama yake amekuja, akala, akanawa, akaniambia, "Bibi Hidaya, yule binti mnamlea au mnamkausha?" Nilicheka naye. Alipoondoka sikucheka.

Umemchukua? Nijibu hilo tu. Mambo ya Kaiza yangoje.

Dada yako,
Hidaya


Hamburg, 20 Machi 1911

Dada, shikamoo.

Natumaini barua inakukuta na afya na hasira kidogo. Mimi sijambo. Mwalimu Salehe, kuanzia hapa soma polepole, na wasiohusika waende shambani.

Ndiyo, ninaye. Sikumwiba. Mjomba haibi kitu cha tumbo lake, anakitembeza. Yule mwana hiti alichongwa na marehemu mjomba wetu, na uso ule ni mgumu hata kwa mkuu wa wachongaji. Wadachi walitaka niwachongee mwana hiti, nami sikutaka kuwapa uso wa kubahatisha. Nikasema nimchukue, nimtazame, nirudi naye kabla hamjafungua kapu.

Kumbe Bwana Hartwig alimwona mezani kwangu. Alimpokea kwa mikono miwili kama anayekabidhiwa mtoto mchanga. Siku ya pili nikamkuta ndani ya kabati la kioo, ana kijikaratasi shingoni. Nilimwambia kwa Kidachi changu, ambacho wenyeji wanakionea wivu, "Bwana, huyu ni wa nyumbani." Akajibu, "Mwinjuma, hapa ndipo nyumbani kwake sasa."

Usiogope. Nimemchongea pacha. Uso ule ule, shingo ile ile. Nikampelekea Bwana tubadilishane. Akampindua pindua kwenye dirisha, akasema, "Mzuri sana, lakini huyu hajaguswa. Yule wa kabatini anang'aa kwa mikono ya watu."

Basi nimeanza kumng'arisha. Mafuta ya nyonyo huku yanauzwa duka la dawa, wanakunywa kuharisha. Mimi nanunua chupa kwa chupa, na mwenye duka amekuwa ananitazama kwa huruma na kuniuliza kama nyumbani kwetu wote tuko hivyo. Jioni nampaka pacha mafuta, namfunga kifuani na shuka, namtembeza chumbani mpaka nichoke. Mwambie Bi Mwanaasha hii ni elimu ya Ulaya, si kazi ya mwali.

Mwambie Mosi avumilie. Mjomba yuko kazini.

Mdogo wako,
Mwinjuma


Hamburg, 2 Juni 1911

Dada, shikamoo. Hamjambo?

Barua yangu ya Machi sijaona jibu lake. Ama meli imechelewa ama umekataa kunijibu. Sijui lipi baya zaidi.

Pacha amekataliwa tena. Bwana alimnusa, akacheka, akasema ananuka hospitali. Kisha ameniambia neno jingine. Nikikubali kukaa mwaka wa pili, nikachonga kila atakacho, mwaka huo ukiisha atafungua kabati na kunipa mtoto wetu mkononi. Karatasi ya makubaliano iko mezani hapa. Kalamu ninayokuandikia ndiyo hiyo hiyo ya kutilia sahihi.

Nikitia sahihi, Mosi atakaa ndani mwaka mwingine, na Abasi ataoa kwingine. Nisipotia, narudi mikono mitupu, na sijapata kusikia mjomba aliyemtoa mwali kwa mikono mitupu. Meli ya kurudi inaondoka Septemba. Bwana anataka jibu kabla yake.

Juzi nilikwenda kwenye kabati nikamwonyesha mwana hiti pacha wake kwa nje ya kioo. Mlinzi akanifukuza.

Kaiza sijasikia habari zake.

Nangoja neno lako, dada.

Mdogo wako,
Mwinjuma


Kinole, 23 Julai 1911

Mdogo wangu Mwinjuma, marahaba, na usitie sahihi.

Nimeanza na hilo kwa sababu nakujua, unaweza kuacha barua katikati ukaenda kujisifu.

Barua ya Machi ilifika, na kweli nilikataa kuijibu. Nilikuwa nikifungua mdomo nakutukana, na Mwalimu Salehe anasema matusi ya namna ile hajui yanaandikwaje. Ya Juni ilipokuja nikaona mistari inapanda na kushuka hata mimi nisiyejua kusoma. Nikaenda kwa Bi Mwanaasha.

Nikamwambia, "Bibi, mwana hiti yuko Hamburg, kafungiwa kiooni. Mwinjuma anataka kujifungia naye mwaka mzima. Mosi tutamfanyaje?"

Akaniuliza, "Mama yenu alitolewa na nini?"

Nikasema, "Na mwana hiti, si ndiye huyo wa kapuni."

Akacheka mpaka akashika ubavu. Akasema, "Yule wa kapuni alikuwa bado ni tawi huko msituni. Ulikuwa mwaka wa njaa, wachongaji wamekimbilia bondeni. Mama yenu alilea gunzi la hindi. Nililipaka mafuta mimi mwenyewe. Na nyinyi si mmezaliwa? Mlitaka mzaliwe vipi zaidi ya hapo?"

Mwinjuma, tulichagua gunzi kubwa, likapakwa mafuta, likafungwa ushanga. Mosi alilipokea akaliangalia, akasema, "Huyu ana midomo mingi kama mjomba." Akalilea, akalala nalo, na mavuno yalipoingia tumemtoa. Ngoma imelia toka juu mpaka barabara ya Mikese. Jua lilimchoma macho akalia, akacheka, akataka kwenda mtoni hapo hapo. Mama yake Abasi alitembea kwa miguu kupanda hadi huku, akamzunguka mara mbili kama anayekagua ng'ombe, akasema, "Hajakauka."

Mahali pa mjomba tuliweka kofia yako kwenye kigoda. Ilikaa imetulia shughuli nzima, haikumkatiza mtu. Wazee wameisifu.

Ndoa tumeizuia. Mosi amesema kutolewa kwa kofia amekubali, lakini kuozwa na kofia hataki. Mwache mtoto wa mti huko aliko kama hawamtoi. Miti tunayo milima mizima. Mjomba hatuna mwingine.

Dada yako,
Hidaya


Hamburg, 5 Septemba 1911

Dada Hidaya, shikamoo, shikamoo tena.

Nafunga furushi. Nahodha wa meli amepata habari kwamba napanda, na nasikia ameniombea kiti karibu na usukani, njia ikimpotea aniulize. Mji mzima una huzuni. Duka la dawa wamefunga mapema.

Karatasi ya Bwana Hartwig nimemrudishia bila sahihi. Alishangaa. "Na mwana hiti wako?" Nikamwambia, "Mpe mlinzi, anayempenda kuliko watu. Kwetu binti ametoka na gunzi." Akatoa daftari akataka nimweleze gunzi ni nini, linachongwa na nani. Nikamwambia huchongwa na wenye njaa, kwa meno. Ameandika.

Nilikwenda kumuaga mwana hiti kiooni. Nimemtazama sana ule uso, nao haukunilaumu. Pacha narudi naye. Harufu ya hospitali itatoka kwa moshi wa jikoni kwako, na Mosi akipata binti, yule binti atachagua mwenyewe kati yake na gunzi. Mwambie Abasi aanze kutafuta mbuzi mkubwa, maana mjomba anayekuja si wa kupokelewa kwa kuku.

Dada, lipo jambo moja. Mwalimu, hili msomee sikioni.

Barua yako niliipokea niko kazini pale kwenye zulia. Nikaifungua hapo hapo, watu wamenizunguka. Nilipofika kwenye kofia nililia. Nataka kusema ni mafua, lakini huku ni kiangazi. Nililia kwa sauti, tezo ikaniponyoka. Nilipoinua uso, Wadachi wote walikuwa wanapiga makofi. Walidhani ndiyo mchezo wa siku ile.

Basi nikasimama, nikawainamia. Kisha nikaketi nikalia tena kidogo, kwa kuwa walikuwa bado wanangoja.

Mdogo wako,
Mwinjuma