Kibandani Imelala Tena

Barasa,

Kwa huzuni nyingi, na baada ya kuugua kwa muda mfupi, natangaza kifo cha feni ya seva yetu. Marehemu ameacha diski mbili na mimi. Mazishi yalifanyika kwenye pipa la taka la plot, hapa kwangu Kangemi.

Najua ungecheka. Kisha ungeniuliza kwa nini sikutafuta nyingine mapema, na hapo tungegombana.

Tulipotoka kukuzika, dada yako alinipa ile kompyuta iliyokuwa chini ya meza yako Muthangari. Aliishika kama mtoto wa wenyewe. "Hii ndio ilikuwa inamnyima usingizi?" Ndiyo hiyo. Ndani yake kuna Kibandani, mtandao tuliowaundia mayaya, wapishi na watunza bustani waambizane ni mwajiri gani halipi na ni geti gani lina kazi. Jina tulilitoa kwa kile kibanda cha Westlands tulichokuwa tukila. Mimi nilitaka tuwaweke kwa ile kampuni kubwa ya mitandao ya kijamii, ambako watu walishajaa na mitambo ni shida ya wengine. Wewe ukakataa mpaka chai ikapoa. "Kule wewe ni mpangaji tu. Landlord akiamka vibaya, vyombo viko nje." Ulishinda kwa sababu ulikuwa na sauti kubwa.

Sasa sikia. Stima ikipotea Kangemi, Kibandani inapotea nayo. Feni ilipokufa, kompyuta ikapata moto, ikazima kabisa, na simu zikaanza. "Fundi, imelala tena? Ama Barasa alienda nayo?" Walicheka. Na mimi nikacheka, halafu nikaenda kukaa chooni kidogo. Kufikia Jumapili wote walikuwa wamehamia kwa kampuni.

Huko ndiko Rosa, mpishi wa nyumba moja Kitisuru, aliandika kwamba mama mwenye nyumba hufungia sukari chumbani na mshahara huchelewa. Hakutumia jina lake. Alijiita Malkia wa Jikoni, akaweka picha ya ua. Lakini kampuni ina namba yake ya simu, na mama anayo hiyo hiyo. Jioni kampuni ikamletea mama habari njema kwenye simu yake: huenda unamfahamu Malkia wa Jikoni. Akaomba kuingia kwenye kikundi, akakaribishwa kwa makofi, akasoma. Asubuhi mabegi ya Rosa yalikuwa getini.

Uliona mbali, basi. Furahi huko uliko.

Lakini nina hasira na wewe kuliko hata hiyo kampuni. Ulisema tukiwa na kwetu hakuna wa kutufukuza. Hukusema kwetu kunataka mtu asiyekufa. Rosa alinipigia akilia, nami sikuwa na pa kumwelekeza. Kwetu kulikuwa juu ya kabati langu, kumezimwa.

Nimeweka feni mpya. Nimewaandikia wote: Kibandani imeamka, rudini, hapa hakuna anayekuuza kwa bosi wako. Wamejibu kwa vidole gumba vingi sana.

Kwaheri, ndugu yangu. Nakuahidi sitaizima nikiwa hai, hata kama atabaki mtu mmoja ndani.

Wamefungua kikundi kipya, kulekule kwa kampuni. Admin ni Rosa.