Radi wa Lagangabilili Ndiye Chui Wetu

Baba,

Mwangaluka. Najua huitiki, lakini asubuhi sijui namna nyingine ya kuanza na wewe.

Malkia hasimami tena. Tulipokuzika tu akaanza kulala upande, mama akasema ni msiba, mbwa naye anamlilia mwenye mji. Nikakubali, maana hata mimi nilikuwa siinuki. Sasa anaburuta miguu ya nyuma mpaka pale ulipokuwa unavulia gambuti ukitoka lindoni, akifika analala hapo. Baba, inaniua.

Nikamleta daktari wa mifugo, binti mdogo, mpole. Alipomshika nyonga Malkia akalia. Akaniuliza, "Wazazi wake walishapigwa picha za nyonga?" Nikacheka, Mungu anisamehe. Hapa Bariadi nani kapigwa picha ya nyonga? Wewe mwenyewe ulianguka kwenye marobota ya pamba, ukapakwa samli ukarudi kazini! Yeye hakucheka. Akasema hawa mbwa wa Kijerumani ugonjwa huu wanarithishana. Kisha akamtazama Jembe, mtoto wa Malkia, anavyokimbiza kuku. "Na huyu baba yake ni nani?"

Hapo nikakwama. Maana ukoo wa mbwa wako uliukariri kama wa ng'ombe: Jembe wa Malkia, Malkia wa Neema, Neema wa yule jike uliyeachiwa na fundi Mzungu wa kiwanda cha pamba. Mama, mama, mama. Dume hatajwi! Cheti cha yule wa kwanza kililiwa na mchwa, ukasema kichwa chako kinatosha. Kiko wapi leo kichwa chako, baba?

Mama alikumbuka kitu kimoja tu, kwamba dume ulimfuata Lagangabilili kwa rafiki yako Masanja. Nilifurahi mno. Nikasema angalau Jembe ana damu ya nje, huyu atapona, na mama atapata anachokiombea: Jembe atafutiwe jike, uzao wako ubaki uani. "Baba yako asifutike," ndivyo anavyosema. Nikapanda pikipiki, vumbi mpaka kwenye meno.

Masanja alilia aliponiona, anasema nimechukua paji lako. Akaniitia dume lake, Radi. Radi akainuka mbele tu, nyuma ikabaki chini kama bibi mwenye baridi yabisi. Nikauliza alimtoa wapi. Mzee akashangaa. "Kabula, si baba yako aliniletea? Alinipa nimlelee, kama tunavyopeana ng'ombe." Na jina akampa jipya siku ile ile, maana mbwa akiingia mji mwingine huitwa upya, ndivyo tunavyofanya sote. Nikalishika sikio lake la kushoto. Lina pengo la waya wa ua wetu. Baba, ni Chui! Chui wetu, wa tumbo moja na Malkia!

Ulisahau kuwa ni kaka yake Malkia? Uligawa watoto wengi, Sapiwi, Nyashimo, kila penye rafiki. Au ulimwona Radi, dume zuri, na jina likakupoteza? Njiani kurudi nilikukasirikia mpaka nikalia, kisha nikakuonea huruma. Ulitaka tu wasipotee.

Daktari alitupeleka Mwanza penye mashine. Malkia hana tiba. Na Jembe, Jembe huyu anayekimbia, nyonga zake zimeshaanza kuchomoka. Bado tu mwenyewe hajajua.

Mama haongei nami tangu nilipomwambia nilichoamua. Leo mchana daktari anakuja na sindano ya kumpumzisha Malkia. Gambuti zako nimezirudisha mlangoni, Malkia amelalia moja, nitamshika kichwa mimi mwenyewe. Jembe naye atahasiwa. Uzao wako unaishia hapa, baba, na mkono unaoufunga ni wangu. Sijui kama nafanya vizuri. Ningeisikia sauti yako mara moja tu, "Kabula, acha," au "Kabula, endelea," ningetii.

Nakuahidi Jembe hatapelekwa kulelewa popote, wala hatabadilishwa jina. Siku miguu ikimshinda nitambeba kila asubuhi aote jua hapo kaburini kwako.

Haya, pumzika baba. Malkia yuko njiani. Ukisikia mtu anakuja mbio, ni yeye.

Binti yako,
Kabula