Sahani ya Peke Yako

Ujiji,
Jumanne

Mpendwa mdogo wangu Yusra,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumai u mzima huko Kalinzi, wewe na shemeji Khalfani, na kwamba kahawa imeanza kuiva. Sisi hatujambo, ila baridi ya ziwani inanisumbua kifua. Ningepiga simu, lakini najijua, ningezungusha maneno mpaka salio liishe.

Mwanangu Shadia ametokwa na mbalanga, madoa meupe ya ngozi, kama wewe. Ilianza kando ya mdomo, sasa imefika vidoleni. Majirani wakasema ni samaki, migebuka aliyoila na maziwa, tukamnyima migebuka mwezi mzima. Hebu fikiria, mtoto wa Ujiji. Madoa hayakujali.

Daktari mmoja wa Kigoma ndiye aliyetutoa ujinga. Alisema kinga ya mwili wenyewe ndiyo inayoua chembe zinazotia ngozi rangi. Si chakula, si uchawi, wala ugonjwa huu hauambukizi. Alisema Shadia apake dawa, ajikinge na jua, nasi tuvumilie miezi kadhaa, maana usoni rangi hurudi upesi kuliko vidoleni. Kando ya mdomo vimeshaanza kuonekana vidoti vyeusi. Nilifurahi mpaka nikalia.

Lakini juzi nilipoandaa sinia la mchana, Shadia alichukua sahani yake akaenda kula uani. Nilipomuuliza nani kamtuma, akajibu kwamba amesikia ndivyo alivyofanyiwa mama mdogo Yusra.

Yusra, miaka yote hii unaamini marehemu mama ndiye aliyeamuru utengewe sahani. Hakuamuru. Ni mimi. Nilikuwa nimeposwa, nikaogopa wakwe wakikuona unakula nasi hawatanichukua, nikakudanganya kwamba mama kasema. Naye nikamwambia wewe mwenyewe umependa kula peke yako. Ukamnunia mpaka anafariki, na yeye hakujua kosa lake. Naona aibu sana, na ninakuomba radhi.

Shadia nimemweleza yote. Akasema Jumamosi anataka kuja kwako, akuulize unavyoishi na ngozi yako. Nitamsindikiza hadi mlangoni. Kama hutaki kuniona, nitarudi na pikipiki ileile itakayotuleta. Ila yeye mkaribishe, umpakulie, mle pamoja.

Msalimie shemeji. Wa hapa wote wanakukumbuka.

Dada yako,
Hidaya