Vidonge Nilivyomeza Ili Niulizwe Hali

Mpendwa mshauri, hujambo, na wa kwako hawajambo? Mimi Mungu bado ananishikilia. Naomba msaada, ila usinicheke.

Mimi ni fundi cherehani, mjane, binti yangu ameolewa mbali, nyumbani nimebaki na cherehani tu, nikiinyamazisha nasikia bomba la bafuni likidondosha maji. Mgongo uliniuma, nikaenda duka la dawa la mtaani kununua vidonge vya maumivu, mama muuzaji akaniuliza, "Fundi, umeamkaje? Mbona macho mazito?" Jamani, sikuwa nimeulizwa hivyo tangu nimzike mume wangu, basi kesho yake nikarudi, na kesho kutwa, mgongo umeshapoa lakini nasema bado unauma, na kwa kuwa naogopa kumdanganya mtu mbele ya Mungu, kila nilichonunua nikakimeza.

Sasa miguu imevimba. Daktari amenipima damu, anasema figo zimechoka: umri ukisonga, damu inayofika kwenye figo hupungua, na vidonge vile huzidi kuibana mishipa yake. "Mama, acha kabisa." Nikaitikia. Lakini nikiacha, nitaingia dukani kwa sababu gani? Jana nilipita upande wa pili wa barabara, kichwa chini.

Tafadhali nijibu mapema.

Fundi wa Chumba cha Nyuma

JIBU

Pole sana, fundi. Sasa nikugombeze. Uongo ulishausema pale dukani, kumeza vidonge hakukuufuta. Mungu hakukudai figo! Kwa umri wako zinafanya kazi kwa damu pungufu, na huumia kimyakimya, ndiyo maana hukushtuka. Usimeze hata kimoja tena. Mgongo ukiuma kweli, mwambie daktari akupe kingine. Rudi upimwe damu kama alivyokupangia, na kiasi cha maji ya kunywa muulize yeye, si majirani. Halafu mpigie binti yako. Mimi mgeni nimejua kabla yake, hivyo ni haki?

Na dukani ingia. Pakiti iliyobaki iweke mezani, useme, "Nimekatazwa hivi. Nilikuwa nafuata salamu." Utaona aibu, ndiyo, lakini aibu haivimbishi miguu. Huyo mama anashinda amesimama nyuma ya kioo, kila anayeingia anamwachia maumivu yake na kwenda zake. Muulize yeye ameamkaje. Na usiondoke kabla hajakujibu.