Vidonge vyangu na vya dada Zuhura

Jumapili, Kerege. Mvua haijakatika tangu alfajiri. Sina hamu ya kula wala ya kuongea na mtu, ndiyo maana naandika.

Dada Zuhura amefika mchana kutoka Mkange, amelowa chapachapa, na kunde za zawadi amezifunga kwenye kanga. Sote wawili tuna saratani ya titi. Tulijuana hospitalini siku tuliyokubali kuingia kwenye utafiti wa dawa mpya. Tangu hapo, kila ikikaribia kliniki huja kulala kwangu, asubuhi tunakwenda Dar pamoja.

Tulielezwa vizuri. Dripu ya kawaida tunapata wote. Juu yake kila mmoja ana kichupa cha vidonge: vya wengine vina dawa, vya wengine havina kitu, na kwa macho huwezi kuvitofautisha. Hata daktari wetu hajui nani kapewa vipi.

Mimi najua. Au nadhani najua.

Uvimbe wangu wa kwapani umenywea. Wa dada Zuhura umepasuka, ameufunga kitambaa, na harufu anaificha kwa udi. Tulianza pamoja.

Leo baada ya chakula ametoa kichupa chake, akakiweka mkekani.

"Mdogo wangu, lete na chako. Tuvichanganye kwenye bakuli, tugawane sawa kwa sawa. Dawa ikiwa kwako, nami nionje. Ikiwa kwangu, nawe usikose."

Huku kwetu mtu hanyimwi. Mgeni akija wakati mmeshakaa kula, mnasogea, anatia mkono sahanini. Nimelelewa hivyo, na binti yangu namlea hivyo.

"Dada, wakigundua watatutoa sote," nikasema.

Ni kweli, lakini sicho kilichonizuia. Niliogopa nusu. Nusu ya dawa itaniponya nusu ipi?

Nadhani dada alielewa yote, maana hakubishana. "Basi si kitu, mdogo wangu. Mwenyezi Mungu akukamilishie." Akainuka kwenda kuosha vyombo kwa ule mkono wake mmoja usiouma, nami nikamwacha aoshe.

Nimeona aibu mpaka masikio yanawaka. Nina hasira pia, naye kwa kuniomba, na hao waliotugawia uhai kwa bahati nasibu. Najiambia labda vyangu ndivyo vitupu, na uvimbe umenywea kwa dripu tu. Siamini hata neno moja la hayo.

Sasa yuko chumbani anaswali alasiri. Kichupa changu siku zote hukaa juu ya kabati. Nimekiondoa, nikakitia sandukuni, nikapiga kufuli, na ufunguo nimeufunga kwenye pindo la kanga niliyovaa. Dada Zuhura hajawahi kugusa hata kijiko changu bila kuomba.

Nataka kuishi. Sijawahi kutaka kitu hivi.

Kukicha nitamwamkia kwa uso gani?